Kidole Kimoja

Sajini Okanga, mstaafu, alifika kibandani kwangu Grogan
na Premio ya kijivu iliyooshwa mpaka ndani ya boneti,
na kijiboksi alichokifunga kwa gazeti la Jumapili
kama mtu aliyebeba nyama ya wageni.
"Mueni, hiki ni kinasa rada. Kitafutie mahali."

Nimefunga redio, ving'ora, taa za kubabaisha,
hata feni ya vifaranga vya jirani.
Kitu hiki, sijawahi.

Nikakiweka juu ya dashibodi,
kwa vile ndipo mkono ulipofika.
Akacheka kwa pua. "Februari kitakaangika hapo
kama mandazi. Na waipa zitakipita usoni, pa, pa,
kama mtu anayefukuza nzi."
Nikakishusha nyuma ya grili, karibu na rejeta.
"Na matope ya Kirinyaga Road, utayafundisha kusikia?"
Nikakipandisha juu kabisa, penye utepe mweusi wa kioo.
Akaukwaruza kwa ukucha. "Tinti hii ina chuma.
Wimbi likigonga hapa linarudi lilikotoka,
halina habari na wewe."

Nikamwambia, basi si ukifunge mwenyewe?

Hakujibu. Alivuka barabara.

Pale ng'ambo, kati ya duka la beringi
na kijana wa kuchomelea egzosi,
akachuchumaa. Suruali ya pasi, viatu vya kung'aa,
miaka sitini na mitatu, akachuchumaa
vile alivyochuchumaa miaka kumi na tisa
katika nyasi za Southern Bypass,
akanyoosha mkono mtupu,
akafumba jicho la kushoto,
akanilenga.

"Juu kidogo!"
Mkokoteni ukapita kati yetu, umejaa milango
ya magari ambayo hayapo tena.
"Kushoto! Chini ya kioo cha kutazamia nyuma,
si nyuma yake, chini! Nakiona. Nakiona bado.
Shusha kidole kimoja…
Hapo. Sasa sikioni."

Sijapata kuona mtu akifurahia hivyo kutoona.

Nikavilamba vile vikombe vya mpira, nikabandika.
Waya nikauficha ndani ya paa, ukateremka na nguzo ya mlango
kimyakimya, kama deni la familia,
mpaka kwenye fyuzi ya redio.
"Kilale sawa," akasema, "kama maji sufuriani.
Kikitazama mbinguni kitakuletea habari za ndege."

Tukatoka kukijaribu.
Anaendesha arobaini.
Arobaini, Thika Road, malori ya mchanga
yakitupigia honi na matusi!
Nikauliza: mtu wa arobaini anaogopa rada ipi?

Kimya mpaka Allsops. Halafu:
"Wale vijana niliwafundisha mimi.
Kila siku wanahama. Simu hawashiki.
Hiki kitaniambia waliko."

Ndipo nikageuka, nikaona kiti cha nyuma:
thamosi mbili zimefungwa mkanda kama watoto,
vikombe vitano vya plastiki,
viazi vitamu ndani ya foili.

Roysambu, barabara ya kando, kikalia.
Akakanyaga breki, akashusha dirisha,
mkono wake tayari nusu ya saluti.
Hapakuwa na mtu wa sare.
Palikuwa na supamaketi, na mlango wake wa vioo
ukijifungua kwa mama mwenye toroli la unga,
ukijifunga, ukijifungua,
na kila ukijifungua, kidude chetu kinalia.

"Si wao," nikasema. "Ni mlango."
"Najua."
Lakini gari hakuliondoa.
Alinimiminia chai. Ina tangawizi kupita kiasi.
Tukanywa tukiutazama mlango ule
ukiwakaribisha watu wasiotujua.

Pesa yangu alinilipa kamili, hakupunguza shilingi.
Daftarini nimeandika:
Premio ya kijivu. Kinasa rada.
Chini ya kioo, kidole kimoja.